Likizo ya Kiangazi Lushoto: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila ikifika Novemba, joto la Dar na Tanga likianza kubana, meseji zinaanza kumiminika, na karibu wote mnauliza mambo yale yale. Nimeyakusanya hapa ili ukiwa unapanga safari usome kwanza, kama kuna lililobaki ndo uulize. Nimejibu kama ninavyowajibu ndugu zangu wanaokuja nyumbani, sijapamba kitu.

Kiangazi mnachosema ni kipi hasa, mbona wengine wanasema Lushoto ni baridi tu mwaka mzima?

Hapa nazungumzia Desemba mpaka Februari. Huo ndo wakati pwani kunawaka, usiku shuka linalowa jasho, na huku juu mchana una jua zuri la kutembea na usiku unalala na blanketi bila feni. Mji wenyewe uko bondeni kwenye kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, milima ya Usambara imeuzunguka pande zote, kwa hiyo hewa yake na ya Mombo pale chini ni vitu viwili tofauti kabisa ingawa ni kilomita 33 tu.

Juni mpaka Agosti ni habari nyingine. Ni baridi ya kweli, asubuhi ukungu mpaka huoni ng'ambo ya barabara, nyumba nyingi hazina kitu cha kupashia joto. Wengine wanaipenda hiyo na mi siwakatazi, ila usije na kaptula halafu useme hukuambiwa.

Sisi tuko Ulaya, summer yetu ni Julai na Agosti, tuje au tusubiri?

Njooni, maana likizo ya watoto ndo hiyo na huwezi kuihamisha. Faida yake mvua za masika zinakuwa zimeisha, njia za milimani zimekauka, na kila kitu bado kijani. Mjue tu kwamba summer ya kwenu huku ndo kipindi cha baridi kuliko vyote, bebeni majaketi yale yale ya vuli ya kwenu, na mkichagua chumba ulizeni kama maji ya moto yapo asubuhi sio jioni tu. Watoto waliozaliwa huko wanakuja wakitegemea Afrika ya jua kali na wanakuta mashavu yanawaganda, waandaeni mapema.

Tarehe gani ni nzuri ndani ya hicho kiangazi?

Hili swali ni la muhimu kuliko watu wanavyodhani. Barabara ya kuja Lushoto mpaka Mombo ndo hiyo hiyo ya Moshi na Arusha, na katikati ya Desemba kila mtu wa Kilimanjaro anarudi nyumbani kula Krismasi. Mabasi yanajaa, tiketi zinagombaniwa, foleni za magari binafsi ni ndefu. Na Wasambaa nao wanarudi kwao, gesti za mjini zinajaa ndugu waliokosa nafasi nyumbani.

Kama una watoto wa shule, njoo shule zikishafungwa tu mwanzoni mwa Desemba na uondoke kabla ya zile siku za mwisho kuelekea Krismasi. Kama huna watoto au bado hawajaanza shule, mi nakushauri Januari ya katikati mpaka Februari yote. Dar ndo inachemka kuliko wakati wowote, huku kumetulia, vyumba vipo, waongozaji wana muda na wewe, na matunda yameiva. Machi usibahatishe, masika yanaweza kuanza wakati wowote.

Siku ngapi zinatosha?

Watu wanapanga usiku mmoja. Wanafika jioni wamechoka, asubuhi wanakimbia kwenye genge la Irente wanapiga picha, wanakula, wanashuka. Halafu wanasema Lushoto ni ndogo, hamna kitu cha kufanya. Jamani! Lushoto mjini kweli ni padogo, ni barabara moja na soko na stendi na majengo ya zamani, lakini mji ni mlango tu. Vitu vyenyewe viko juu ya mabonde, kwenye vijiji, msituni, kwenye njia za miguu zinazopita katikati ya mashamba ya watu, na huko hakufikiki kwa haraka.

Kwangu mimi kima cha chini ni siku 4 za kulala. Ya kwanza unafika na kupumzika, ya pili Irente taratibu, ya tatu msitu wa Magamba, ya nne soko au kijiji chochote mwongozaji atakachokushauri. Ukipata wiki nzima ndo unaweza kutembea mpaka kijiji cha Mtae, na hiyo nitaielezea chini kwa sababu naona ndo safari bora kuliko zote tulizonazo huku. Ukiwa na usiku mmoja tu, bora ungesubiri mpaka upate muda.

Kutoka Dar tunakujaje kwa basi?

Mabasi ya moja kwa moja mpaka Lushoto yapo, yanaondoka asubuhi pale stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Weka kichwani kwamba utatumia masaa 7 mpaka 8, siku nyingine zaidi. Ukikosa la moja kwa moja panda lolote la Moshi au Arusha, mwambie konda unashuka Mombo, hapo unapata hiace, noah au teksi za kupanda mlima mpaka giza linapoingia. Nasisitiza mpaka giza linapoingia, ukichelewa Mombo lala Mombo, au panga mapema na dereva mnayemjua.

Kukaa upande wa kushoto au kulia wakati wa kupanda? Naulizwa sana hii. Kaa dirishani popote utaona, maana barabara inajipinda kila upande. Wale wanaotapika kwenye kona waombe siti za mbele na wasishibe sana njiani.

Na wa Moshi, Arusha, Tanga?

Moshi na Arusha mnashuka Mombo kama nilivyosema. Tanga ndo mna raha kuliko wote, magari ya moja kwa moja yapo na ni safari ya nusu siku, kwa hiyo hamna sababu ya kukaa na lile joto wikiendi zote za Januari.

Tukija na gari dogo tutafika?

Mtafika, Mombo mpaka Lushoto mjini ni lami yote. Wa Dar wenye gari lao wengi siku hizi wanapita Bagamoyo wanatokea Msata ili wakwepe Chalinze. Barabara kuu angalieni vibao vya 50 kwenye vijiji, askari wa tochi wapo na hawachoki.

Ile ya mlimani ni nyembamba, upande mmoja ukuta wa mwamba upande mwingine korongo, na ilianza kuchongwa enzi za Mjerumani kwa hiyo usitegemee upana wa barabara za sasa. Piga honi kwenye kona iliyofumba. Mpishe anayepanda. Malori ya kabichi na karoti yanashuka yamesheheni, yape nafasi usibishane nayo. Wakati wa kushuka tumia gia ndogo, usikanyage breki kilomita 33 nzima mpaka zinuke. Mvua ikiwa imenyesha sana usiku, ulizia kwanza pale Mombo, au Soni ulipo mji mdogo wa njiani, kama hakuna udongo ulioporomoka njiani.

Zaidi ya mjini, yani Mtae, Mlalo, Mambo huko, kuna vipande vya udongo na mvua ikipiga gari dogo linateseka. Acha gari hotelini panda basi la huko.

Tulale wapi?

Inategemea mfuko na unataka nini. Mjini kuna gesti za kawaida karibu na stendi na soko, safi za kutosha, unatoka tu nje uko kwenye chakula. Kuna hoteli za zamani za tangu enzi za ukoloni, Lawns iko hapo hapo mjini ina bustani kubwa, na Mullers iko juu njia ya Magamba, nyumba ya matofali ya mwaka 1930 yenye sehemu ya kuota moto, huko usiku ni kimya na baridi zaidi. Irente Farm ni ya Kanisa la Kilutheri, iko njia ya kwenda kwenye genge la Irente, mi ndo napeleka wenye watoto huko kwa sababu nafasi ya kukimbia ipo na chakula chao ni cha shambani. Masista wa pale Ubiri nao wana hosteli yao, kabla hujafika mjini ukitokea Soni.

Simu mapema. Mji una chuo cha mahakama na vyuo vingine, siku za mahafali au semina za serikali vyumba vinaisha ghafla hata kama sio msimu.

Irente ni lazima mwongozaji?

Sio lazima. Ni kama saa moja na nusu kwa miguu kutoka mjini, njia pana, na kila mtoto utakayemuuliza anaijua. Ila kule mwisho ni genge kweli, ardhi inakatika inashuka karibu mita 1,000 mpaka tambarare, na hamna uzio wa maana kila mahali. Shika mikono ya watoto. Wale wa kupiga selfi kwa kurudi nyuma nyuma nawaombeni sana msifanye hivyo pale.

Ukiwa juu unaona mashamba ya mkonge, reli, barabara kuu uliyopita jana, na Mazinde pale chini. Hapo Mazinde ndo Semboja, mmoja wa watawala wa Kilindi, ukoo wa kifalme wa Wasambaa, aliweka makao yake karne ya 19 ili awe karibu na misafara ya biashara iliyopita nyikani, badala ya kukaa mlimani Vuga kama wazee wake. Ukijua hilo halafu ukaangalia chini unaelewa kabisa alichokuwa anakitafuta. Nenda alasiri kuelekea jioni, asubuhi mara nyingi ukungu unaziba kila kitu. Mkirudi pitieni pale shamba la Irente mle jibini, mkate na jemu zao, mimi siwezi kupita pale bila kununua.

Msitu wa Magamba unaingiaje, na kuna nini?

Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, yaani wakala wa misitu wa serikali, unalipa kiingilio kwa control number kama malipo mengine ya serikali, Mtanzania analipa kidogo kuliko mgeni kwa hiyo beba kitambulisho. Hapa mwongozaji chukua. Njia zinagawanyika na msitu ni mnene, na bila mtu wa kukuonyesha utapita chini ya mbega weupe kwa weusi bila hata kuinua kichwa.

Milima hii ya Usambara ni sehemu ya Tao la Mashariki, misitu ya zamani sana ambayo imekaa peke yake muda mrefu mpaka kuna ndege, vinyonga na mimea ambayo haipo mahali pengine popote duniani. Lile ua la dirishani ambalo Wazungu wanalipenda, Saintpaulia, asili yake ni milima ya huku, lilipewa jina la Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyetuma mbegu kwao mwaka 1892. Waambie waongozaji mapema kama mnataka kutoka usiku kuangalia vinyonga, wanaonekana vizuri zaidi kwa tochi wakiwa wamelala kwenye matawi. Msiwashikeshike, na msinunue kinyonga kwa mtoto anayewauzia barabarani, ukimlipa mmoja kesho wanakamatwa kumi.

Hiyo safari ya miguu mpaka Mtae ikoje?

Hii ndo napenda kuisimulia. Mnaondoka Lushoto mnapita msitu wa Magamba, mnatokea upande wa Lukozi ambako ni mashamba ya mboga mpaka macho yanachoka, viazi, karoti, kabichi, yote yanayokwenda masoko ya Dar. Mnalala Rangwi kwa masista, vitanda safi na chakula cha moto, halafu mnaendelea ukingoni mwa milima mpaka Mtae. Wengi wanafanya siku 3 mpaka 5, inategemea miguu na mnavyopenda kusimama.

Mtae imekaa juu ya mgongo wa mlima, yani kijiji kimejipanga mstari mmoja na pande zote mbili ni bonde. Hali ya hewa ikiwa safi unaona Mkomazi chini, milima ya Upare, na Kenya ng'ambo. Mtu yeyote anayetembea kawaida anaweza, sio lazima uwe mwanamichezo, ila kuna mipando inayouma mapaja na siku ya pili ndo ngumu. Raba zenye meno chini, maji, kofia, koti la mvua jepesi. Mizigo mikubwa acheni hotelini, mtarudi Lushoto kwa basi, yanatoka Mtae alfajiri sana kwa hiyo ulizeni saa jioni ile mliyofika.

Ninachokipenda ni kwamba mnapita uani kwa watu. Mnasalimia, mnapewa ndizi, mama anapalilia anasimama kupiga stori. Chukueni mwongozaji wa hapa hapa Lushoto, ofisi za utalii wa kitamaduni ziko karibu na stendi, Friends of Usambara ni mojawapo. Kubalianeni bei kabla ya kuondoka, na muulize ndani kuna nini: chakula? malazi? ada ya msitu? nauli ya kurudi? Andikeni kwenye karatasi au meseji.

Mna wazee au watoto wadogo, wafanye nini?

Wazee wa pwani wanafurahia kukaa tu kwenye baraza na chai ya tangawizi, usiwaburuze. Irente unafika na gari. Kuna maporomoko madogo ya maji pale Soni unayaona kutoka barabarani, na mengine njia ya Kifungilo, kule kwenye shule ya wasichana ambayo akina mama wengi wa Tanzania watakwambia walisoma. Watoto wa miaka 6 na kuendelea wanatembea vizuri ukigawa safari na vitafunwa.

Chakula na matunda?

Kiangazi ndo msimu. Plamsi, pichi, mapeasi, parachichi, pasheni, vinauzwa kwenye vindoo na beseni tangu Soni. Pale Soni mabasi yakisimama dirisha linajaa beseni. Onja, nunua kwa yule aliyekuonjesha. Mjini migahawa ni ya kawaida, wali maharage, ugali, nyama, chipsi, na mboga za majani ambazo zimechumwa asubuhi ile ile na utazisikia tofauti yake mdomoni. Wabenediktini wa Sakarani karibu na Soni wana makadamia na divai yao, kwa wanaotumia.

Soko lina siku maalum?

Mjini Lushoto siku kubwa ni Jumapili na Alhamisi, Soni ni Jumanne, hakikisha na mwenyeji wako. Fika kabla ya saa 4 asubuhi. Kina mama wanashuka kutoka vijijini na mizigo kichwani, bei zinaeleweka, na usimkamue mtu aliyebeba kabichi kilomita kumi kwa sababu ya mia mbili.

Kuna historia ya kuangalia au ni milima tu?

Ipo, ila haijawekewa vibao. Wajerumani waliuita mji Wilhelmstal, kwa jina la Kaiser wao, na wakaufanya mahali pa kukimbilia joto la pwani, Waingereza wakaendelea hivyo hivyo. Kwa hiyo unapokuja kupumzika Januari unafanya walichofanya wao, tofauti ni kwamba sasa ni pa kwetu. Lakini historia nzito ni ya kabla yao. Ufalme wa Wakilindi ulianzishwa na Mbegha, mwindaji aliyekuja kutoka Ngulu kwa mujibu wa masimulizi ya wazee, makao yao yakawa Vuga, na chini ya Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki 1862, utawala wao ulifika mpaka pwani. Vuga iko upande wa Soni. Nenda na mtu wa huko anayejua kusimulia, bila masimulizi utaona migomba tu.

Mbu, malaria, hospitali?

Mbu ni wachache kuliko pwani lakini wapo, na Mombo chini wapo wengi, lala kwenye neti. Urefu wa hapa haumletei mtu ugonjwa wa mlimani, kuhema wakati wa kupanda ni kawaida tu. Hospitali ya wilaya iko mjini. Dawa zako za kila siku za presha au sukari beba za kutosha, vijijini hutazipata.

Hela na mtandao?

Benki na ATM zipo mjini, mawakala wa simu wapo kila kona. Ukitoka mjini beba keshi ndogo ndogo, noti ya elfu kumi kijijini inatafutiwa chenji nusu saa. Mtandao mjini ni mzuri, mabondeni unapotea ghafla na kwenye migongo ya milima unarudi. Umeme unaweza kukatika, pawabenki beba.

Tuvaeje, na picha za watu?

Wenyeji wengi ni Waislamu na Walutheri, watu wa heshima zao. Kaptula fupi sana acheni hotelini, kina dada kanga moja begani inasaidia kila mahali. Salimia kwanza, shikamoo kwa wazee hata kama una haraka. Picha omba, ukikataliwa shukuru uendelee. Watoto usiwagawie pipi na hela barabarani, kama unataka kusaidia ongea na shule au kanisa au msikiti wa pale.

Jioni na asubuhi sweta, hata Januari. Mchana tisheti na kofia, jua la mlimani linaunguza ingawa hulisikii. Mvua za vuli zinaweza kuvuka mpaka Desemba, mara nyingi zinakuja mchana na kupita, kwa hiyo matembezi marefu anzeni saa 1 asubuhi.

Tunaweza kurudi na mboga na matunda Dar?

Ndiyo, na karibu kila mtu anafanya hivyo. Nunueni siku ya mwisho, chagueni plamsi na parachichi ambazo bado ngumu, wekeni kwenye boksi au tenga lenye matundu na sio mfuko wa nailoni. Muulizeni konda ada ya mzigo kabla hajapakia. Tiketi ya kurudi kateni siku mbili tatu kabla, na kama ni wiki ile shule zinafunguliwa Januari kateni siku ile ile mnayofika, maana basi la asubuhi likishajaa linalofuata huenda ni la kuunganisha Mombo, na pale wiki hiyo magari ya kutoka Moshi yanapita yamejaa.